Vifaranga vya Siku ya Kimya

Wageni wanaokuja siku hizi kuangalia matangi ya wifi yangu Mudiasih humwita mama wa samaki, naye hutabasamu, nami huwa nageuza uso nisije nikacheka. Mama wa samaki gani. Huyu ni mtoto wa mlimani, wa kwenye mikarafuu. Siku kaka yangu Nengah alipomleta kwetu hapa pwani alikataa hata kuosha miguu baharini, akasema maji ya chumvi yanamwasha. Marehemu mama alimtazama juu mpaka chini, akasema huyu atamaliza msimu mmoja tu. Amemaliza miaka kumi na tisa.

Mimi ni Wartini, mdogo wake Nengah. Niliolewa, nikaachika, nikarudi kwa baba, na kwetu mwanamke akirudi hivyo amerudi moja kwa moja: sala zake, wazee wake na maiti wake ni wa kwa baba. Kwa hiyo tukakaa ua mmoja, mimi na wifi, na hapakuwa na kitu ambacho hatukukigombania. Kamba ya kuanikia, makombo ya nguruwe, nani kamaliza kuni, nani kasuka ovyo vikapu vya sadaka. Hakujaliwa mtoto, na hilo pia nilimtupia usoni, zaidi ya mara moja. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Mudiasih niliishika mimi, siwezi kukataa. Yeye alikuwa hajibu. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Wanaume wengi wa pwani yetu hawatupi nyavu. Wanashuka. Kwenye boti kuna kompresa, ile ile ya kujazia matairi, imeungwa mpira mrefu wa manjano. Mtu anauma ncha ya mpira kwa meno, anashuka nao pima ishirini, na huko chini anakamata samaki wa mapambo mmoja mmoja kwa kijavu kidogo. Wanaotafutwa sana ni wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari mitatu myeupe, wanaojificha ndani ya maua ya bahari yanayowasha. Sisi tunawaita wachekeshaji. Nimewatazama tangu utoto na sijaona wanachekesha nini.

Nengah alianza kushuka akiwa na miaka kumi na saba. Mwaka ninaousimulia alikuwa na arobaini na mbili, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umeanza kumsaliti. Alisema ameukalia vibaya. Akajikwaa hekaluni amebeba sadaka, akasema ni ngazi. Akajikojolea usingizini, akasema ni tembo alilokunywa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mudiasih alimburuta hospitali, na daktari hakuzunguka: alisema hewa ya kompresa inabaki kwenye damu kama mapovu ya soda, siku ikibana uti wa mgongo basi, na kwamba akishuka tena asije akamuuliza mtu kwa nini hatembei. Baada ya wiki tatu Nengah akashuka tena. Alikuwa hajui kazi nyingine, na tena, alisema, kule chini mguu hauumi.

Mimi nilimtukana mpaka koo likakauka. Mudiasih hakumtukana. Alikwenda kujiandikisha kwenye mafunzo ya kuzalisha samaki nyumbani, yale waliyoletewa akina mama wa pwani, akarudi baada ya wiki mbili na daftari, na mfuko wa plastiki wenye maji, na ndani ya maji wachekeshaji wawili, mke na mume.

Akachukua jiko la zamani la mama, lile la matofali lisilo na dirisha. Niligombana naye siku tatu kwa ajili ya jiko lile nikashindwa. Akaweka tangi la kioo, akasimamisha ndani yake kigae cha paa, na wale wawili wakahamia chini ya kigae kama waliopewa nyumba na serikali.

Mkubwa ndiye mke. Mume ni kadogo, na kazi zote ni zake: mke akishataga mayai juu ya kigae, mume anayapepea kwa mapezi usiku na mchana, anayatoa yaliyooza kwa mdomo, anamfukuza hata mkewe akisogea. Na mke akifa, mume anageuka kuwa mke. Mudiasih alipotusomea hayo kwenye daftari, nilimwambia Nengah akakae mbele ya tangi ajifunze. Alicheka mpaka akashika ubavu. Mwaka ule sikumbuki akicheka tena.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mayai yanaanza yakiwa na rangi ya chungwa, yanakuwa ya kahawia, siku ya saba au ya nane yanaota macho ya fedha, unahamishia kigae chao kwenye beseni, na usiku huo huo, giza likiingia, yanapasuka. Kinachotoka ni kitu chembamba kama kope, macho na tumbo tupu. Hakili unga. Kinakula vidudu vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona, na vidudu hivyo navyo vinalishwa maji ya kijani yaliyojaa mwani mdogo, kwa hiyo ukitaka kulea samaki unalea na chakula chake, na chakula cha chakula chake. Siku kumi za namna hiyo. Siku ya kumi wanavaa mistari, na aliyevaa mistari ndiye unayeweza kumwita samaki.

Kundi la kwanza lilikufa lote siku ya tatu, kwa njaa. La pili alilishibisha mno, maji yakachacha. La tatu lilifika siku ya nane, vifaranga arobaini na kitu, Mudiasih akaanza hata kuimba imba mle jikoni. Asubuhi moja akavuta pazia la mlango kwa haraka, jua likawapiga ghafla, wakaruka ruka wakafa. Ndivyo walivyo, wanakufa kwa kushtuka. Wifi alikaa chini kwenye sakafu yenye maji, na mimi niliyekuwa nayaita mambo yake takataka nilisikia uchungu, nikaenda kumtengenezea kahawa. Nadhani ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumletea kitu. Tangu siku ile nikawa namsaidia kuchota maji.

Ndipo tajiri wa boti akaja. Alikuwa anapeleka watu visiwa vya mashariki miezi mitatu, kwenye maji ya kina kuliko ya kwetu, kwa sababu ya kwetu yameshakombwa. Nengah alikubali hapo hapo. Mudiasih akamfuata barazani. Nilikuwa nachambua mchele hatua tatu kutoka pale, nikasikia kila neno.

"Bli, usiende," alimwambia. Bli ni kaka, na wake wa kwetu humwita mume hivyo hivyo, naye mume humwita mkewe Luh.

"Nile nini? Daftari?"

"Nina mayai mengine. Leo siku ya nne."

"Mayai ya mara ya nne, Luh. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Basi hili moja tu. Likivaa mistari?"

Nengah akawa anakanda mguu wake kwa kidole gumba. Nilijua anataka kukataa na nilijua pia kwamba anaogopa. Mtu uliyezaliwa naye huwezi kumsoma vibaya. "Wakivaa mistari," akasema, "namrudishia tajiri mpira wake. Naapa mbele ya Warti, yule pale anayejidai hasikii. Wasipovaa, usinililie."

Mudiasih akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. Macho ya fedha yangeonekana mkesha wa Siku ya Kimya. Boti ilikuwa iondoke siku ya kumi na mbili baada ya hapo. Wangekuwa wameshavaa mistari siku mbili kabla. Kundi lingine lolote lingechelewa.

Siku ya Kimya kwetu ndiyo mwaka mpya. Tangu alfajiri mpaka alfajiri ya pili hakuna moto, hakuna taa, hakuna kazi, hakuna anayevuka lango la nyumba yake, na hakuna sauti, ili mashetani wakipita juu waone kisiwa kitupu waende zao. Walinzi wa mila huzunguka na vitambaa vyao vya miraba myeusi na myeupe, na wakiona mwanga au wakisikia redio wanaandika jina la nyumba.

Taa haikutusumbua, usiku mmoja wa giza vifaranga wanauweza. Shida ilikuwa pampu. Pampu ya hewa ya Mudiasih ilikuwa kuukuu, aliinunua ikiwa imeshatumika, inanguruma na kutetemesha rafu. Siku za kawaida, na pikipiki na majogoo na televisheni za majirani, huisikii. Siku ya Kimya unasikia jani likianguka. Na kuizima haikuwezekana, kwa sababu yale maji ya kijani mchana yanatoa hewa lakini gizani yanaivuta, na beseni la vifaranga mia tatu lisilopigwa mapovu gizani ni beseni la maiti. Hayo yalikuwa kwenye daftari, yamepigiwa mstari mara mbili.

Mudiasih alitaka kwenda kwa Suweca, mkuu wa walinzi, akaombe ruhusa. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia, "Usiulize, wifi. Ukiuliza ukakatazwa, wameshakuwekea jicho. Asiyeulizwa hakatazi." Nilijiona mwerevu sana.

Nilikuwa na sababu yangu, nayo ilikuwa imelala udongoni. Baba alikufa msimu wa mvua, na kama wengi wasio na uwezo wa kuchoma maiti peke yao, tulimzika kwa muda angoje uchomaji wa kijiji kizima mwezi wa nane. Maiti hajibebi. Wanaume wa mtaa ndio wanaojenga mnara, ndio wanaoubeba, ndio wanaosimama na wafiwa mpaka majivu yafike baharini. Na nyumba yetu ilikuwa na maonyo mawili tayari, kwa sababu Nengah akiwa majini alikosa kazi za hekalu. Onyo la tatu ni kutengwa. Ukitengwa hakuna anayekusemesha, hakuna anayekupa moto wa kuwashia, na maiti wako hana wa kumshika. Niliwaona watu wa nyumba ya Kari wakimtoa mama yao kwa gari la mchanga, wako wanne tu, mtaa mzima umefunga milango, na mimi nilikuwa mmoja wa waliofunga. Maiti asipochomwa, roho yake haina pa kwenda. Kila nilipopita makaburini nilikuwa namwambia baba, subiri kidogo, mwezi wa nane.

Mkesha wa siku ile watu hufanya kelele makusudi, kufukuza mashetani majumbani: mnapita kila chumba na mwenge, mnagonga masufuria. Mudiasih hakuturuhusu kuingia jikoni na masufuria yetu. Alikaa mlangoni, miguu ameitandaza, akasema shetani aliyemo humo amwachie yeye. Vijana wakapita barabarani na masanamu na ngoma zao, na humo ndani gizani mayai yakapasuka. Nilipochungulia na tochi iliyofunikwa kanga niliona maji yamejaa nukta zenye macho. Wifi alinishika kifundo cha mkono akakibana. Alikuwa na siku tano hajalala sawasawa.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Tulifanya kazi kama wezi, pekupeku, tunachota maji ya kijani kwa bakuli na kuyamimina ukingoni yasitoe mlio. Pampu tuliizungushia mto, lakini si sana, kwa sababu ilikuwa ikipata joto inaunguza. Mchana kutwa ilinguruma na hakuna aliyekuja. Nengah aliingia mara mbili akachuchumaa kando ya beseni. Mara ya pili alininong'oneza kwamba wanakula, matumbo yao yamejaa, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye kwa mara ya kwanza anafikiria kitu tofauti na bahari. Nilifurahi. Nilifurahi sana, na nataka lijulikane hilo.

Jua lilipozama wifi alikuwa anasinzia amesimama. Nikamwambia akalale, nitakaa mimi. Alikataa, nikamsukuma kwa mabega mpaka nje, akajilaza kwenye mkeka barazani, nyuma tu ya ukuta wa jiko.

"Usiiguse pampu," akasema.

"Hata ikiungua?" nilimtania.

"Ikiungua niamshe."

Haikufika saa tatu. Nilisikia nyayo barabarani, zikaja mpaka langoni kwetu, zikasimama. Sauti moja ikasema chini chini, "Unasikia?" Nyingine ikajibu, "Nasikia." Basi, hayo tu.

Nikamwona baba. Sisemi mzimu, namaanisha niliona pale alipolala, kile kichuguu cha udongo na mwamvuli wa karatasi ulionyauka juu yake, na miaka inapita na hakuna anayekuja kumtoa. Mkono ukaenda ukutani ukachomoa waya.

Nilijiambia ni dakika mbili. Wakiondoka naichomeka. Wale watu hawakuondoka. Walikaa kwenye kibaraza cha lango letu, nikamsikia mmoja anapiga miayo. Na pampu ile ikiwashwa ilikuwa inaanza kwa mkwaruzo mkubwa kabla haijatulia, sikuthubutu. Nikatia mkono kwenye beseni, nikaanza kukoroga maji kwa vidole, polepole, nakoroga na kuomba. Mkono mmoja ukichoka nabadilisha. Ningeweza kumwamsha wifi, alikuwa nyuma ya ukuta. Sikumwamsha kwa sababu angeniambia niiwashe.

Sijui ilikuwa saa ngapi walipoinuka. Nilichomeka waya, pampu ikakwaruza, ikanguruma, na hakuna aliyekuja.

Kulipopambazuka vifaranga walikuwa wamelala chini kabisa ndani ya beseni, weupe, kama pumba za mchele. Wazima walikuwa kumi na mmoja, wanaogelea ubavu ubavu, na mchana wakaisha nao. Mudiasih alipoingia nilimwambia pampu ilizima yenyewe, nilipoigusa ikawaka. Akaitazama pampu, akautazama waya, akanitazama mimi. Akachukua kimpira akaanza kuwanyonya nje polepole, utadhani anaogopa kuwaamsha.

Nengah alisimama mlangoni akaona. Nilitamani apige kelele. Alisema tu, "Umejitahidi, Luh," akaenda kuloweka kinyago chake cha kuzamia kwenye ndoo aone kama kinavuja. Siku ya kumi na mbili alipanda lori la tajiri lililowapeleka kwenye boti. Nilimfuata mpaka langoni nimwambie kweli, nikaishia kumwambia asisahau jaketi.

Sasa sikieni. Kundi la tano lilivaa mistari Nengah akiwa na wiki mbili tu baharini. Mia moja na kumi na wawili, wazima, rangi ya chungwa imekolea, wanakimbizana kwenye beseni lile lile. Mudiasih alipiga simu mpaka sikio likawa jekundu. Huko waliko hakuna mtandao. Akapiga picha akaituma, na picha ikakaa hivyo hivyo haijafika. Sikuweza kuwatazama wale samaki. Kila mmoja nilimwona kama ananidai ndugu yangu.

Walimrudisha wiki ya saba. Alikuwa ameshuka pima thelathini, mara nne siku moja, akapanda, akakaa kwenye ukingo wa boti akasema miguu ina baridi. Wenzake wakamfunga kamba wakamshusha tena majini, ndivyo wafanyavyo, wanasema bahari ikikuumiza bahari ndiyo ikuponye. Haikumponya. Alifika kwetu kwenye bodi la lori amelala juu ya magodoro mawili, na toka kitovuni kwenda chini hakuwa na kitu chake tena. Tajiri alituma katoni ya tambi. Niliitupa barabarani, Mudiasih akatoka akaziokota tambi moja moja, kwa sababu, alisema, watu wa nyumba hii wanakula.

Mwezi wa nane ulifika, na baba akachomwa. Sijaona uchomaji mzuri kama ule. Mtaa mzima ulikuja, hakuna nyumba iliyokosa. Vijana thelathini walibeba mnara, wakauzungusha njia panda mara tatu mashetani wapotee, wanapiga kelele na kumwagiana maji. Nengah, mwana pekee wa kiume, tulimkalisha langoni kwenye kiti cha plastiki, tumemfunga kifuani kwa kitambaa asianguke mbele. Binamu yetu ndiye aliyefanya yaliyompasa Nengah kama mwana. Mnara ulipompita alijaribu kuinuka. Niliona mikono yake inasukuma kiti, na mwili hauendi.

Tukiwa tunangoja moto umalizike, Suweca alikuja kukaa nami kivulini, akanipa pole ya kaka. Sijui ni nini kilinituma, nikamwambia, "Bli Suweca, ile Siku ya Kimya mlikaa langoni kwetu."

"Tulikaa," akasema. "Mtoto wa jirani yenu alikuwa analia kilio kibaya, tukawa tunasikiliza kama ni homa, ili tumruhusu mkunga apite aje amtazame. Halafu pale kwenu pana kibaraza kizuri, na mimi nina goti hili."

"Hamkuja kwa ajili ya pampu?"

"Pampu ya wifi yako? Hiyo si tuliisikia tangu asubuhi." Akanishangaa. "Pampu si sherehe, dada. Yule anayetotoa vifaranga vya kuku kule chini aliomba kuacha mashine yake, tukamwambia aiache. Viumbe hai vile. Ninyi hata mngeuliza, nani angewakataza?"

Niliinuka nikaenda kutapika nyuma ya banda la sadaka. Watu wakasema ni moshi.

Nilikaa na jambo lile siku tatu baada ya majivu ya baba kutupwa baharini. Halafu nikashindwa. Tulikuwa jikoni, mimi na wifi, tumechuchumaa, tunasugua vigae vya mayai kwa brashi. Nilimwambia bila kumtazama.

"Wifi, ile pampu haikuzima yenyewe."

"Najua."

Akaendelea kusugua. Mimi nililia. Nilimwambia yote, walinzi, baba, waya, na yale aliyoniambia Suweca, kwamba palikuwa na mtoto tu analia. Aliposikia la mtoto brashi ikasimama.

"Sikuwa nimelala," akasema. "Niliwasikia wale wa langoni. Niliisikia ikizima."

"Mbona hukuinuka?"

Miaka yote ile nilikuwa nataka anijibu, na sasa nilitamani anyamaze.

"Ningeinuka ningeiwasha. Halafu watuandike, mzee asichomwe, na mimi ndiye mgeni wa nyumba hii, mngenitafuna mpaka nife. Nikasema acha aamue mwenye baba. Vifaranga wakifa, si mimi niliyemrudisha mume wangu baharini, ni wewe." Akakiweka kigae chini. "Nililala pale nikakuachia. Nilikusikia unakoroga, wifi."

Barazani Nengah akaita. Kila baada ya saa mbili lazima ageuzwe, vidonda visimshike. Tukafuta mikono. Yeye akashika mabega, mimi nikashika miguu.